Kumfundisha mtoto nyumbani kwa vitu vya bure mtandaoni: chukua vichache tu

Kosa nililofanya mimi mwanzoni, na naona wazazi wengi wanaanza nalo, ni kukusanya linki. Nilikuwa na daftari limejaa majina ya tovuti 40 na kitu, kila nikisikia pahali kuna kitu cha bure naandika, halafu asubuhi mtoto amekaa mezani ananiangalia na mimi naangalia daftari, hatujui tuanzie wapi. Wiki ya tatu nikayakata karibu yote. Yamebaki machache na hayo machache ndo yanatusomesha mpaka leo, kwa hiyo hapa sitakupa orodha ndefu, nitakwambia kipi cha kufanyia nini na wapi kitakusumbua.

Kabla hujafungua tovuti yoyote angalia sheria ya nchi uliyopo. Hili watu wanaliruka. Ujerumani kwa mfano mtoto lazima aende shule yenyewe, kumfundishia nyumbani hairuhusiwi isipokuwa kwa sababu nadra sana, Ufini inaruhusiwa lakini manispaa inafuatilia maendeleo ya mtoto. Kwako inaweza ikawa kujiandikisha tu, inaweza ikawa mitihani ya kila mwaka, ulizia mapema maana ndo itaamua unatunza kumbukumbu gani.

Cha pili, tafuta silabasi. Nchi nyingi taasisi yao ya mitaala inaweka silabasi mtandaoni bure, na wengine mpaka vitabu vya kiada kwa PDF. Usiprinti kitabu kizima, utamaliza wino bure, printi kurasa za yaliyomo tu za kila somo, bandika ukutani, na kila mada mkimaliza weka tiki. Hiyo karatasi ndo uti wa mgongo, tovuti ni nyama tu. Bila hiyo mtoto atasoma sayari na dinosaria miezi 4 mfululizo (vitu vizuri kabisa, wala sivikatai) na kugawanya hajui.

Hesabu

Hapa sina mjadala, nenda Khan Academy. Ni tovuti ya masomo ya shirika lisilo la faida, hakuna matangazo, masomo hayana pahali utaambiwa sasa lipia ndo uendelee, na inaanzia kuhesabu vitu vya picha mpaka kalkulasi. Ilivyoanza inafurahisha, 2004 mwanzilishi wake Sal Khan alikuwa anamfundisha kwa mbali binamu yake Nadia, binti alikwama kwenye kubadili vipimo, na ndugu wengine wakataka nao wafundishwe, akaanza kurekodi video na kuziweka YouTube, na hao binamu zake wakamwambia wanampenda zaidi kwenye YouTube kuliko ana kwa ana. Ukifikiri ni kweli kabisa, video unaisimamisha, unairudisha nyuma mara 6, hakuna mtu wa kukuuliza "umeelewa?" kwa sauti ya kuchoka. Wa kwangu alishaniambia "mama tulia kwanza nirudishe" na nikatulia.

Namna ya kuitumia: usimwanzishie darasa la umri wake. Fungua kozi ya darasa moja au mawili chini, halafu afanye ule mtihani wa kozi nzima, kila kozi ya hesabu inao. Hakuna kufeli pale, unakuonyesha tu yepi anayajua na yepi hayajui. Mimi nilidhani mwanangu yuko vizuri kwa sababu anazidisha haraka, kumbe hesabu za sehemu (nusu, robo, theluthi) hazijui kabisa, alikuwa anaamini robo ni kubwa kuliko theluthi maana 4 ni kubwa kuliko 3. Ukiangalia mantiki yake wala si ya kijinga! Tukarudi nyuma wiki 3, tukakata makaratasi, tukakunja, ndo tukarudi kwenye kompyuta.

Vitu viwili vya kuwa navyo macho. Kwanza hesabu zake zimeandikwa kwa Marekani, utakuta dola na senti, inchi, futi, maili, na darasa la 4 lao si lazima liwe la 4 lenu, kwa hiyo fuata ile karatasi yako ya ukutani na usifuate mpangilio wao kichwa kichwa, za futi na maili ruka. Pili, kila swali lina kitufe cha msaada kinachoonyesha njia hatua kwa hatua mpaka jibu lenyewe. Watoto wanakigundua siku ya pili. Dawa yake kwangu ni moja, kila swali linafanywa kwenye daftari kwanza kwa mkono, ndo jibu liandikwe kwenye skrini, na daftari naliangalia mimi jioni. Ukiona majibu yote yamepatikana na daftari ni jeupe ujue nini kimetokea.

Akaunti fungua wewe kama mzazi halafu umwongeze mtoto chini yako, utaona amekaa muda gani na amekosea wapi. Wadogo wa miaka 2 mpaka 8 wana programu yao, Khan Academy Kids, nayo bure.

Kusoma, na hapa taratibu

Tovuti nyingi za kufundisha kusoma zimetengenezwa kwa mtoto wa Kiingereza, na Kiingereza kusoma ni kazi ngumu, herufi a ina sauti kibao, ndo maana wanazunguka sana na sauti za herufi. Kiswahili a ni a tu. Mtoto akishashika a e i o u, akaenda ba be bi bo bu, akafika kwenye ng'a na mwa, anasoma chochote hata asichokielewa. Kwa hiyo ushauri wangu, wengine watapinga, mwache asome Kiswahili mpaka ateleze kwanza ndo umpeleke kwenye hizo za Kiingereza, ukichanganya vyote mwanzoni ataanza kukusomea "ei, bii, sii" kwenye neno baba.

Za silabi hauhitaji intaneti, chukua karatasi ngumu na kalamu ya wino mzito uandike mwenyewe. Intaneti inakuja kwenye hadithi, na hapo kuna utajiri ambao watu hawaujui. African Storybook ina hadithi za watoto kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kimo, unasoma bure na kupakua bure. StoryWeaver ya Pratham Books, wao ni wa India, imefunguliwa 2015 na ina hadithi kwa mamia ya lugha, zimepangwa kwa ngazi kuanzia ya 1 yenye neno moja moja au sentensi fupi mpaka ya 4 yenye hadithi ndefu. Hizi zote zina leseni huria, maana yake unaruhusiwa kuprinti, kugawa, hata kutafsiri. Na hapo kwenye kutafsiri ndo pazuri kuliko pote, mtoto akishakua kidogo mpe hadithi ya Kiingereza aigeuze Kiswahili, ndani ya tovuti hiyo hiyo kuna sehemu ya kufanyia hivyo, anajifunza lugha mbili kwa mpigo na mwisho ana kitabu chenye jina lake. Wangu alibishana na mimi nusu saa nzima kama "grumpy" ni mwenye hasira au aliyenuna. Aliyenuna, na alishinda yeye.

Mkubwa anayesoma Kiingereza vizuri kuna Project Gutenberg, ilianza 1971 na sa hivi ina vitabu zaidi ya 70,000 ambavyo hakimiliki yake imeisha, na LibriVox ambako watu wanajitolea kuvisoma kwa sauti. Akae na kitabu mkononi huku anasikiliza, matamshi yanaingia yenyewe. Ila wasomaji wa LibriVox wako wa kila aina, kuna anayesoma utafikiri anasoma risiti, sikiliza dakika 2 kwanza kabla hujapakua.

Sayansi bila maabara

PhET. Hii ni ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, iliasisiwa 2002 na Carl Wieman, yule aliyepata Nobel ya fizikia mwaka mmoja kabla. Ni majaribio ya kuchezea kwenye skrini, unaunganisha betri na balbu na nyaya, unajenga atomu, unapima vitu vinavyozama na vinavyoelea, na baadhi yameshatafsiriwa kwa Kiswahili. Kosa la wazazi hapa ni kuanza kuelekeza. Usielekeze. Mpe dakika 10 achezee anavyotaka, aunguze betri, halafu muulize swali moja tu la kubahatisha kabla: nikiongeza balbu ya pili kwenye waya huu huu, mwanga utabaki vilevile au utapungua? Aandike anachodhani, ndo ajaribu. Akikosea ndo vizuri zaidi, atakumbuka.

Halafu kama mnavyo betri na balbu vya kweli rudieni mezani. Kwenye skrini waya haulegei na betri haijafa, na nusu ya sayansi ni kujua kwanini haijawaka.

Kompyuta yenyewe nitapita haraka maana watoto hawahitaji kusukumwa huku. Scratch, kutoka MIT, chuo kikuu cha Marekani, kuanzia miaka 8 hivi, anatengeneza michezo na katuni kwa kupanga vipande vya amri, wa miaka 5 mpaka 7 kuna ScratchJr ya tableti. Uchoraji kwa wadogo kuna Tux Paint, na GCompris ina mazoezi zaidi ya 100 ya watoto wa miaka 2 mpaka 10, zote hizi bure kabisa. Tatizo lako litakuwa kuwatoa.

Bando linaisha, fanyaje

Bure ya mtandaoni si bure kama unanunua data, video za somo moja kila siku zinakula bando mpaka unajuta. Tafuta siku moja pahali penye wifi nzuri upakue vya mwezi mzima. Majaribio ya PhET yanashuka kama faili la kawaida, unalifungua kwenye brauza bila mtandao wowote. Hadithi zinashuka kwa PDF. Scratch ina toleo la kuweka kwenye kompyuta.

Halafu kuna kitu kinaitwa Kolibri, cha shirika la Learning Equality, na kimetengenezwa hasa kwa watu wasio na intaneti ya uhakika. Unakiweka kwenye laptopu moja, unapakua masomo unayotaka, zikiwemo video za Khan Academy zilizowekwa Kiswahili, na simu au tableti nyingine za humo ndani zikishika wifi moja na hiyo laptopu zinasoma vyote kupitia brauza, intaneti haihitajiki tena. Ukiwa na watoto watatu wa madarasa tofauti hii inakuokoa. Mara ya kwanza kuiweka ilinichukua jioni nzima, sitakudanganya, lakini ni mara moja.

Na Kiwix, hii inakupa Wikipedia nje ya mtandao. Ya Kiingereza nzima na picha zake ni karibu GB 100, usijaribu hiyo, kuna matoleo yaliyopunguzwa, na ya Kiswahili ni ndogo sana ukilinganisha.

YouTube

Nimeiacha mwisho makusudi. Kuna vitu vya maana mle, katuni za Ubongo Kids na Akili and Me zimetengenezwa Tanzania na zipo kwa Kiswahili, mtoto anajifunza hesabu na herufi anadhani anaangalia katuni tu. Shida ni kile kinachofuata baada ya video kuisha. Zima ile ya video inayofuata kuanza yenyewe (autoplay), tengeneza orodha yako ya video ukiwa umeziangalia wewe, na kama YouTube Kids ipo nchini kwako weka ile mipangilio ya kwamba mtoto aone tu ulivyoruhusu kwa mkono wako. Simu yenye akaunti yako ya kila siku usimpe, utashangaa anachopendekezewa ni yale uliyokuwa unaangalia wewe usiku.

Kuhusu tovuti mpya utakazoambiwa kila siku na watu, kaa nayo dakika 20 peke yako kwanza kabla mtoto hajaiona. Ikiomba namba ya kadi ya benki kwa ajili ya "majaribio ya bure", funga. Ikitaka jina kamili la mtoto, tarehe ya kuzaliwa na picha, funga, jina la utani linatosha. Kama kila jibu sahihi linaleta fataki na sarafu na zawadi, hapo nasita, maana niliona mwanangu anabonyeza haraka haraka ili apate sarafu, namuuliza umejifunza nini ananiambia "nina sarafu 300".

Muda: wadogo skrini nusu saa asubuhi inatosha, wakubwa saa moja na nusu kwa kugawa, mengine yote ni daftari, kitabu, mikono na maongezi. Ijumaa sisi hatufungui kompyuta kabisa, anachukua daftari ananifundisha mimi alichosoma wiki hiyo na mimi ndo mwanafunzi, nauliza maswali ya kijinga makusudi. Akikwama kwenye kunielezea, naweka alama kwenye ile karatasi ya ukutani na Jumatatu tunaanzia hapo.