Namna ya Kuhakiki Kahawa kwenye Kaunta ya Malipo kwa Kutumia Blokicheni

Pakiti ya kahawa iliyokaangwa inayouzwa katika maduka ya Moshi hubeba madai kadhaa: kwamba ni arabika ya Kilimanjaro, kwamba imetoka katika chama cha msingi cha ushirika wa wakulima kilichotajwa, na kwamba ilikaangwa tarehe iliyochapwa. Mnunuzi hana njia ya kuyapima madai hayo, na mara nyingi mwenye duka naye hana. Mwongozo huu ni wa mwenye duka anayetaka madai hayo yahakikiwe kwenye kaunta kabla fedha hazijapokewa.

Blokicheni ni leja ambayo nakala zake huhifadhiwa na washiriki mbalimbali, na ambayo kila kumbukumbu mpya hufungamanishwa na iliyotangulia kwa heshi, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na taarifa yenyewe. Kanuni ya SHA-256 hutoa heshi ambayo kwa kawaida huandikwa kwa alama 64. Anayebadilisha tarakimu moja tu ya tarehe ya kukaanga hupata heshi tofauti kabisa, na nakala yake haitalingana tena na za wenzake. Sarafu ya mtandaoni haihitajiki, kwa kuwa mifumo kama Hyperledger Fabric huendeshwa na washiriki wanaofahamiana. Hata hivyo, leja hutunza kilichoandikwa, kiwe kweli au uongo, na kwa hiyo kazi kubwa iko kwa waandikaji.

Kubalianeni mapema nani ataandika nini. Chama cha msingi kiandike uzito wa kahawa ya maganda kilichopokea. Kiwanda cha kukoboa kiandike uzito uliotoka. Mkaangaji aandike uzito baada ya kukaanga, namba ya bechi (yaani kundi la kahawa iliyokaangwa pamoja) na namba ya pekee ya kila pakiti. Kila mmoja atumie saini yake ya kidijiti, na mkaangaji asiruhusiwe kamwe kuandika kwa niaba ya chama, hata akijitolea kuwapunguzia kazi.

Mpangilio huo huwezesha hesabu ambayo naiona kuwa kinga bora kuliko zote. Kilo 1,000 za kahawa ya maganda iliyooshwa hutoa takriban kilo 800 za kahawa safi, yaani iliyokobolewa, na ukaangaji hupunguza uzito kwa asilimia 15 hadi 20 hivi, kwa hiyo hubaki kilo 640 hadi 680, sawa na pakiti 2,560 hadi 2,720 za gramu 250. Mfumo uwekewe kikomo kinacholingana na hesabu hiyo. Mkaangaji akisajili pakiti 3,500 kutokana na mzigo huo, basi kuna kahawa nyingine iliyochanganywa au kuna uzito ulioandikwa vibaya, na bechi hiyo izuiwe hadi maelezo yapatikane.

Majina na namba za simu za wakulima yasiandikwe kwenye leja. Kisichofutika hakifai kuhifadhi taarifa za watu, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Taarifa hizo zibaki katika rejesta ya chama.

Msimbopau wa kawaida wa tarakimu 13 hutambulisha aina ya bidhaa tu. Hauwezi kutofautisha pakiti moja na nyingine. Mwombe mkaangaji achape msimbo wa QR wa muundo wa GS1 Digital Link, unaobeba namba ya bidhaa, bechi na namba ya pekee. Hakikisha pia kwamba skana yako ni ya kamera, kwa sababu zile za leza hazisomi misimbo ya QR.

Hapa ndipo kaunta inapofanya kazi ambayo hakuna mwingine anayeweza kuifanya. Msimbo wa QR hunakiliwa kwa urahisi, na pakiti bandia yenye msimbo ulionakiliwa itaonekana halali kwa kila anayeisoma. Kwa hiyo, keshia akishasoma pakiti na malipo yakakamilika, mfumo uandike kwamba namba hiyo imeuzwa. Ikitokea tena katika duka lolote linaloshiriki, itakataliwa.

Usiifanye kaunta iisubiri leja kwa kila pakiti, kwani mtandao ukikatika foleni itasimama. Pakua orodha ya namba halali kila usiku, uhakiki kwa orodha hiyo, kisha mauzo yatumwe kwenye leja mtandao unapopatikana. Maduka mawili yaliyokosa mtandao kwa wakati mmoja yanaweza kuuza nakala za namba moja, lakini zitagundulika baadaye, na kwa bidhaa kama kahawa ucheleweshaji huo unavumilika. Risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, itolewe kama kawaida.

Keshia aonyeshwe jibu moja tu kwenye skrini: uza au weka kando. Pakiti ikikataliwa, asimtuhumu mteja aliyeichukua kwenye rafu. Amwombe radhi, ampe nyingine, na aiweke ile mahali palipofungwa hadi mkaangaji aulizwe. Namba ya pakiti inayorudishwa na mteja ifunguliwe upya kwenye mfumo na msimamizi kwa saini yake, pakiti isije ikakataliwa kama bandia itakapouzwa tena.