Kabla ya kunyoosha mikono kikaoni
Kikundi kinaweza kumaliza saa nzima kikirudia yale ambayo kila mtu alishayajua. Wanasaikolojia Stasser na Titus walilionyesha hili Marekani mwaka 1985: taarifa aliyonayo mtu mmoja peke yake mara nyingi haisemwi kikaoni. Mkiwa pale mwalo wa Kirumba, Mwanza, boti zinapotia nanga, mnajadili kununua mashine ya boti, wote mtang'ang'ania bei, ambayo dukani imeshabandikwa. Anayejua kwamba spea zake ni za kuagiza ni yule kijana fundi aliyekaa nyuma, na hajaulizwa. Basi kabla ya kura zungukeni mmoja mmoja: “Wewe unajua nini ambacho hatujakisikia?” Mwenyekiti aseme wa mwisho, akitangulia yeye, wengine wataitikia tu.