Somo: Chujio la besi la betri mbili, lisilotetema

Mafundi, salaam. Wengi hapa Mombasa mwapiga harusini na spika ya besi inapokea hadi sauti ya mwimbaji. Chujio la Sallen-Key, saketi ya tangu 1955, litawatenganishia besi kwa umeme mchache mno.

1. Chipu. TL072 hula karibu miliampea 1.4 kwa kila amplifaya iliyo ndani. MCP6002 hula mikroampea 100, na volti 3 zaitosha. Usivuke volti 6.

2. Gawanya volti za betri kwa rezista mbili za kilo-omu 100, na kapasita ya mikrofaradi 10 katikati. Amplifaya ya kwanza ipokee sauti kwenye mguu wake wa chanya kupitia mikrofaradi 1, mguu huo ukivutwa hapo katikati kwa kilo-omu 100 nyingine. Mguu wake wa hasi uungane na tokeo lake.

3. Kutoka hapo, kilo-omu 100 mbili mfululizo hadi mguu wa chanya wa amplifaya ya pili. Chanya hiyo ishuke kwa nanofaradi 10 hadi hasi ya betri. Mahali rezista zinapokutana, rudisha nanofaradi 10 mbili sambamba hadi kwenye tokeo. Mguu wake wa hasi nao uungane na tokeo. Mkato, yaani pale sauti za juu zinapoanza kuzuiwa, ni kama hezi 112. Uwiano wa kapasita ubaki 2 kwa 1. Ukiuzidisha, besi itavimba kwenye noti moja.

4. Nanofaradi 100 iguse karibu miguu ya umeme. Kwenye tokeo weka mikrofaradi 10, kisha kilo-omu 1, ndipo kebo. Kebo ya mita kumi ni kapasita tosha ya kuitetemesha chipu, yaani ijitolee mlio yenyewe.

Kuna wanaopanda hadi mega-omu wakidhani wanaokoa betri. Rezista za njia ya sauti hazili chochote cha maana, na kwa unyevu na chumvi ya pwani, uchafu wa lehemu huvujisha umeme juu ya bodi, na rezista kubwa hivyo ndizo huathirika zaidi. Safisha kwa spiriti, paka vanishi.

Swali: Mwalimu, niko Likoni, nina LM358 tele. Je?
Jibu: Itafanya kazi, ndugu yangu, ila tokeo lake hubaki volti 1.5 hivi chini ya betri. Kwa volti 3 sauti itakatwa kichwa.

Swali: Kapasita za kauri za bei rahisi?
Jibu: Kwenye miguu ya umeme, sawa. Kwenye chujio tia za filamu. Hizo za kauri hubadilika kwa joto na volti, mkato ukahama.

Swali: Shekhe, mbona bado nasikia mchakacho wa juu?
Jibu: Masafa ya juu sana hupenya kapasita ya kurudisha, chipu dhaifu ikashindwa kuyazuia. Baada ya kilo-omu 1 ya tokeo, shusha nanofaradi 100 hadi hasi ya betri.