Kukosa Usingizi, Kuweweseka na Msongo wa Mawazo: Tuanzie Wapi?

Somo hili linawahusu wanaopata usingizi kwa taabu, na wakishaupata husikika wakiweweseka, hasa wanapoelemewa na mawazo. Mambo haya hulishana: mawazo hufukuza usingizi, na usingizi uliokatikakatika huongeza kuweweseka. Kwa hiyo tuanze na usingizi wenyewe, si na maneno yanayosemwa usiku.

Hatua ya 1. Chagua saa ya kuamka, tuseme saa kumi na mbili asubuhi, uishike kila siku, hata Jumapili, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Naisisitiza hatua hii kuliko zote, kwa sababu hamu ya kulala hujijenga kadiri mtu anavyokaa macho, na anayelala hadi saa nne ili kufidia huupunguza usingizi wa usiku unaofuata.

Hatua ya 2. Kitanda kisiwe mahali pa kuhangaikia. Ukikaa macho kwa takriban dakika 20, kwa kukadiria bila kutazama saa, ondoka, ufanye jambo tulivu penye mwanga hafifu, urudi usingizi unapokuja. Katika chumba kimoja cha kupanga, mkeka pembeni unatosha.

Hatua ya 3. Kabla ya chakula cha usiku, andika yanayokusumbua, iwe karo au kodi ya nyumba, na kando ya kila moja jambo dogo utakalolifanya kesho.

Hatua ya 4. Kahawa na chai ya majani ziishie mchana. Mairungi (miraa) yaachwe kabisa. Waragi, ile pombe kali, hulaza haraka, lakini huukata usingizi baadaye usiku.

Maswali ya wanachama

Mama wa Jinja: Mume wangu hutaja madeni na majina ya watu usingizini. Nimhoji asubuhi?

Jibu: Hapana, dada. Maneno ya kuweweseka si ungamo, na kumhoji kutamfanya aogope kulala. Lakini akirusha ngumi au mateke kana kwamba anapigana ndotoni, hasa akiwa amevuka miaka 50, apelekwe kwa daktari.

Mwendesha bodaboda, Arua: Nimeuziwa diazepamu, dawa ya kutuliza na kulaza, kwenye duka la dawa. Niendelee nayo?

Jibu: Ndugu yangu, mwili huizoea upesi, na inaweza kukusinziisha barabarani kesho yake. Kama umeitumia kwa wiki kadhaa, usiikatize ghafla. Mhudumu wa afya akupunguzie kidogo kidogo.

Mwanachama wa Kampala: Niende hospitali lini?

Jibu: Ukikosa usingizi siku 3 au zaidi kwa wiki, kwa miezi 3, nenda, hospitali za rufaa za mikoa hapa Uganda zina vitengo vya afya ya akili, na Kampala ipo Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili. Ukianza kuona heri ufe, nenda leo hii.