Jinsi ya Kumuenzi Fundi Aliyekulea kwa Filamu Fupi

Filamu nyingi za kuwaenzi wasanii waliotulea huharibiwa na wingi wa sifa. Watu huketishwa vitini mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akisema kwamba mzee ni mwema na mkarimu, na mtazamaji huondoka bila kujua alifundisha nini wala alifundisha vipi. Ukitaka kumuenzi fundi wako, mathalani mchonga milango wa Mji wa Kale wa Mombasa, mwonyeshe akifundisha, na hasa akisahihisha, kwa sababu hapo ndipo ustadi wa jicho lake unapodhihirika.

Kwanza mwendee mikono mitupu, bila kamera. Mwamkie kwa heshima ile ile ya siku za uanagenzi wako, umweleze nia yako, kisha umwulize ni kazi gani angependa ionekane na ni jambo gani hataki liguswe. Ikiwa karakana iko nyumbani kwake, waulize pia wa nyumbani ni sehemu zipi zisipigwe picha. Filamu ya kuonyeshwa hadharani huhitaji leseni chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222 ya sheria za Kenya, na kurekodi filamu ndani ya Fort Jesus kunahitaji idhini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Kwa maoni yangu ngome hiyo imekwisha kuonyeshwa vya kutosha. Karakana itakufaa zaidi.

Chagua kazi moja tu, kwa mfano kuchonga mfaa, ule mti wa katikati unaozikutanisha mbawa mbili za mlango. Mwombe fundi amkabidhi mwanafunzi patasi, nawe utulie. Weka kamera usawa wa mikono, karibu kiasi cha kuona nyuzi za mti na vumbi linalopulizwa, ungoje mpaka mzee aguse kwa kidole ua lililochimbwa kina kuliko mengine, aichukue patasi, apunguze ukingo kidogo, kisha airudishe bila kusema neno. Tukio kama hilo la nusu dakika lina uzito kuliko mahojiano ya saa nzima. Liache zima, wala usiliwekee muziki. Mahojiano yenyewe yarekodi kwa sauti tu, ukiuliza maswali yanayomrudisha kazini: “Ulijuaje kwamba ubao ule ungepasuka?” litakupa mengi kuliko “Sanaa ina maana gani kwako?”

Mombasa iko takriban digrii 4 kusini mwa ikweta, hivyo jua la adhuhuri huwa karibu na utosi, na nakshi za ubao uliolazwa hukosa vivuli vya kuzionyesha. Piga asubuhi au alasiri, mwanga ukiingia kwa ubavu kupitia mlangoni. Penye taa za umeme tumia fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila picha hupokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde, kwa kuwa umeme wa Kenya ni wa hezi 50. Vinginevyo picha huweza kumetameta. Kamera iliyotoka kwenye kiyoyozi iache begini ipate joto, maana lenzi hufunga ukungu. Zima feni. Adhana ikianza, simamisha kazi: ni adabu, na zaidi ya hayo adhana iliyokatwa katikati humfichulia mtazamaji kila mahali ulipounganisha.

Usichukue taarabu yoyote uipendayo ukaiweka. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huulinda wimbo kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi, nayo rekodi ina haki zake peke yake. Mlio wa nyundo juu ya patasi unatosha.

Kabla ya kuionyesha filamu kwa wengine, mwonyeshe fundi mwenyewe kwanza. Akikuambia kwamba mshiko fulani si sahihi, kiondoe kipande hicho hata kama picha yake ni nzuri. Mwisho, mwachie nakala pamoja na video zote ambazo hazikutumika, na seti nyingine umpe mwanafunzi wake, kwani humo mna mafunzo mengi yasiyoweza kuenea katika filamu fupi ya dakika saba.