Obama ni wa nani? Vile ya kumtaja staa wa wazazi wa rangi mbili bila kubahatisha

Ukitaka kelele pale Kondele, Kisumu, jioni we uliza tu kama Obama ni mtu mweusi ama ni pointi faivu, yaani nusu mweusi nusu mzungu. Mmoja atakuambia huyo ni Mjaluo kamili, baba ni wa Kogelo, maneno kwisha. Mwingine anakuja juu, mama alikuwa mzungu wa Kansas na hao wazazi wa mama ndio walimlea kule Hawaii, sasa Ujaluo umeingilia wapi. Ukiwasikiliza wote wako sawa, shida ni kila mtu ako na kipimo chake na hasemi amekitoa wapi. Kwa hivyo hii ni ya nyinyi watangazaji wa redio, ma-MC, wenye kuandika kapsheni za mastaa, na pia wale wa kubishana tu kwa beisi.

Anza na wazazi na mahali, rangi iweke kando kwanza. Kamala Harris, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani, kwa mfano: baba Mjamaika, mama Mhindi wa Chennai, yeye kazaliwa Oakland mwaka 1964. Ukishasema hivyo msikilizaji ameshamjua na hujabishana na mtu. Lakini hizo habari zitoke kwa mwenyewe, kwa interviu yake ama kitabu chake, usiangalie picha ukaanza kupiga hesabu. Kuna watu hapa hapa Kisumu wameitwa pointi faivu tangu shule ya msingi na baba na mama wote ni wa Bondo, ni maji ya kunde tu Mungu amewapa. Na picha zenyewe haziaminiki. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti, walionyesha watu picha za Obama, zingine zimeongezwa weupe na zingine weusi, wakaulizwa ni gani inamfanana kabisa. Wenye kumuunga mkono waliegemea zile zimefanywa nyeupe, wenye kumpinga wakaegemea zile nyeusi. Sura ni moja, macho ndio yalikuwa na chama!

Sasa hapa ndio pana kazi: uliza unaongea kwa kipimo cha nchi gani. Marekani kulikuwa na ile sheria ya tone moja, yaani ukiwa na damu ya mtu mweusi hata kidogo basi we ni mweusi, Virginia waliiandika kabisa kwa sheria mwaka 1924, na mweusi kuoana na mzungu ilikuwa marufuku majimbo kadhaa mpaka Mahakama ya Juu ikafuta hiyo kitu 1967. Wazazi wa Obama walioana 1961 kule Hawaii ambako haikuwa kosa, wangekuwa Virginia wangeshikwa. Sensus yao ilianza kuruhusu mtu aweke tiki kwa rangi zaidi ya moja mwaka 2000 tu, na ile ya 2010 ilipofika Obama, akiwa rais na mama mzungu anajulikana dunia nzima, akaweka tiki moja pekee, mweusi. Wengine walikasirika ati amemkana mama. Mimi naona alijibu swali vile nchi yake ilikuwa imemjibu yeye tangu utotoni.

Mchukue huyo huyo umpeleke Afrika Kusini ya zamani, hesabu inabadilika. Huko sheria ya 1950 iliwagawa watu mafungu na waliochanganyika walikuwa na fungu lao, Coloured, si weusi si weupe. Yule mchekeshaji Trevor Noah alizaliwa 1984 mama Mxhosa na baba Mswisi na huo uhusiano wenyewe ulikuwa kosa la jinai, kwa karatasi yeye na mamake hawakuwa fungu moja. Brazil nako neno ni pardo, yaani aliyechanganyika, na sensus ya 2022 hao ndio walikuwa wengi kuliko wengine wote, asilimia 45.3. Uingereza waliweka kisanduku cha mchanganyiko mwaka 2001.

Na huku kwetu? Huku mtoto ni wa baba, wacha tusidanganyane. Ndio maana Obama ni wetu bila mjadala, lakini binti wa mama Mjaluo na baba Mjerumani, amekulia Milimani na anaongea Dholuo kukushinda, bado sokoni Kibuye anaitwa mzungu na bei inapandishwa. Kipimo hicho kina vituko vyake. Jerry Rawlings aliyetawala Ghana karibu miaka ishirini alikuwa na mama wa kabila la Ewe na baba Mskoti, kwa hivyo kwa hesabu yetu Ghana iliongozwa na Mskoti. Ian Khama naye alizaliwa Uingereza na mama Mwingereza, ila kwa sababu baba ni Seretse Khama, rais wa kwanza wa Botswana, akasimikwa chifu wa kabila la Bangwato 1979, baadaye akawa rais wa Botswana 2008 mpaka 2018. Sheria ya Kenya yenyewe haiko hivyo siku hizi, katiba ya 2010 inasema ukiwa na mama Mkenya ama baba Mkenya umezaliwa raia, haijalishi ni yupi.

Halafu tafuta mwenyewe anajiitaje, na uandike alisema lini na alikuwa anaongea na nani. Tiger Woods, yule mcheza gofu, baada ya kushinda shindano la Masters 1997 aliambia Oprah kwamba hapendi kuitwa tu mweusi, tangu akiwa mdogo amejitungia jina lake Cablinasian, amechanganya ndani yake wazungu, weusi, Wahindi Wekundu na Waasia, kwa sababu mama ni wa Thailand. Watu walimcheka sana, na magazeti yakaendelea kumuita mweusi kana kwamba hajasema kitu. Obama naye akiwa Kasarani Julai 2015 alijisifu kuwa yeye ndiye Mkenya-Mmarekani wa kwanza kuwa rais wa Marekani, umati ukalipuka, lakini miaka minne tu nyuma yake alikuwa amelazimika kutoa cheti cha kuzaliwa hadharani kwa sababu kuna watu kwao walikuwa wanamuita Mkenya kama tusi. Huku hilo jina lilituletea likizo ya kitaifa, tarehe 6 Novemba 2008, huko lilikuwa la kumtoa kwa kiti.

Kwa hivyo lebo ikibadilika ghafla angalia nani anafaidika. 2024 Trump alisimama mbele ya waandishi weusi pale Chicago akasema Kamala aligeuka mweusi miaka kadhaa tu nyuma, na huyu mama alisoma Howard, chuo cha watu weusi, miaka ya themanini.

Kwenye mambo ya "wa kwanza" usiharibu rekodi. Lewis Hamilton anatajwa kama dereva mweusi wa kwanza Formula One, tangu 2007, na Halle Berry mwanamke mweusi wa kwanza kubeba Oscar ya mwigizaji mkuu, 2002, na wote mama zao ni wazungu. Andika rekodi vile ilivyo, kisha sentensi inayofuata utaje wazazi, usianze kumpunguzia mtu ati huyo ni nusu.

Maneno pia: pointi faivu ni ya utani, itumie kwa mtu anayejiita hivyo. Chotara kuna wanaoichukia kabisa, hewani iwache. Watoto wa mastaa usiwape lebo yoyote, jina linatosha.

Na kola akipiga simu asubuhi akaanza kupayuka huyo si mweusi, huyo si mwenzetu, usimkatie. Muulize anapima kwa kipimo cha Virginia ama cha Brazil, halafu ufungue laini kwa wengine, hapo shoo itajiendesha mpaka taarifa ya habari.