Samadi ya nguruwe hata ukishaichakata, naitrojeni bado inakukimbia

Wafugaji wenzangu wa nguruwe, leo naomba tuongee kuhusu hili shimo la nyuma ya banda. Mtu kajenga mtambo wake wa bayogesi mzuri kabisa, mavi yanaingia huku, gesi inatoka kule, chai inachemka, halafu lile tope linalotoka linaachwa kwenye shimo wazi juani wiki tatu nzima ndo linakuja kupelekwa kwenye migomba. Ukimuuliza anakwambia mtaalam hii si imeshaiva, haina shida tena. Mimi nasema hapo ndo hasara inapoanza.

Iko hivi. Kwenye chakula unachomlisha nguruwe, naitrojeni, kile kirutubisho kinachokuza mmea, anayobaki nayo mwilini ni kama theluthi moja tu, iliyobaki yote inatoka, na nyingi iko kwenye mkojo. Mkojo ukishachanganyika na mavi vijidudu vinaanza kuibadilisha kuwa amonia, na amonia ni gesi, inataka kuruka. Ukiipitisha kwenye mtambo wa bayogesi naitrojeni haipungui, karibu yote inatoka upande wa pili, ila sasa nyingi zaidi iko kwenye hali ya amonia na tope lenyewe pH yake, yaani kipimo cha asidi, imepanda, maana yake asidi imepungua. Mmea unaichukua haraka, ni kweli, ila upepo nao unaichukua haraka zaidi kuliko samadi mbichi. Kwa hiyo kuchakata peke yake hakujakuokolea kitu, kinachookoa ni unachofanya baada ya hapo.

Wenzetu wa Ulaya hili liliwagharimu sana kulijua. Denmark ina nguruwe wengi kuliko watu, na mwaka 1986 watu walioneshwa kwenye TV kamba wa baharini waliokufa kwa sababu maji yalikosa oksijeni, mbolea ya mashambani ikiwa imeyarutubisha kupita kiasi. Mwaka uliofuata wakapitisha mpango wa kupunguza naitrojeni inayokwenda majini, halafu wakaendelea kukaza kidogo kidogo, mashimo yafunikwe, yawe makubwa ya kuweka samadi miezi mingi mpaka msimu wa kupanda, na mwaka 2003 kuirusha samadi ya maji hewani kwa mashine kukapigwa marufuku, lazima imwagwe chini kwa mipira au ichomekwe ardhini. Wakafika mahali mkulima kwenye hesabu zake za mbolea alilazimika kuhesabu kilo 75 za kila kilo 100 za naitrojeni iliyomo kwenye samadi ya nguruwe kana kwamba ni mbolea ya dukani, na za dukani akapunguza. Wengine wanaitia asidi ya salfa ili pH ishuke amonia isiruke. Hiyo msijaribu nyumbani jamani, wao wana mitambo maalum, ukimwaga asidi kwenye shimo la samadi inatoka gesi inayoua mtu hapo hapo.

Uholanzi nao walianza kulazimisha samadi iingizwe ardhini miaka ya 90 mwanzoni. Ufaransa kule Bretagne walichukua njia ambayo mimi inaniuma, samadi imewazidi, wanaipuliza hewa kwenye matenki mpaka zaidi ya nusu ya naitrojeni inageuka kuwa gesi isiyo na madhara inarudi angani. Kwa maji na fukwe zao ni sawa kabisa, ila ni chakula cha mmea kilichotupwa kwa umeme, na kwingine kiwanda kinachoma gesi kukirudisha kuwa yurea. Sisi huku tunaolia na bei ya yurea hatuna sababu ya kufika huko.

Sasa mboji, maana wengi wetu hatuna mtambo, tuna lundo. Lundo la samadi ya nguruwe likiwekwa ovyo linaweza kupoteza hata nusu ya naitrojeni kabla halijaiva. Juzi nilifungua lundo moja asubuhi, ile turubai kuinua tu macho yakaanza kutoka machozi, mwenye lundo anafurahi anasema unaona ilivyo kali. Ule ukali ndo mbolea yake inaondoka! Lilikuwa mavi matupu na maji maji, makavu hamna. Tukalichanganya na mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa na maranda, tukashindilia kidogo, tukafunika tena, na tukakubaliana asiligeuze kila siku mbili kama alivyokuwa anafanya, kila ukigeuza unaifungulia mlango.

Na hili la majivu. Najua watu wanamwaga majivu au chokaa bandani kukata harufu na inzi. Majivu na chokaa vinapandisha pH, na pH ikipanda amonia inaruka zaidi, yaani kwenye pH 7 amonia iliyo tayari kuruka haifiki hata asilimia 1, kwenye 9 inafika kama theluthi. Majivu yapeleke shambani peke yake, siku nyingine, bandani weka maranda au pumba kavu zinywe mkojo.

Tope la bayogesi shimo lake liezeke, hata kwa makuti au mabati chakavu, jua na mvua visiingie. Siku ya kupeleka shambani nenda jioni au kukiwa na mawingu, chimba kifereji pembeni ya shina, mwaga, fukia hapo hapo usisubiri kesho, maana hasara kubwa inatokea saa chache za mwanzo. Ukimaliza simama upande upepo unakoelekea uvute pumzi, ukisikia bado inawasha pua, rudi na jembe ongeza udongo.